Bwana Harusi wa Masharubu ya Wino

Pyo Geum-hwa aliingia soko la Gukje, Busan, masharubu yakiwa bado usoni. Alikuwa ametoka jukwaani mchana huo, akajipangusa kwa haraka, na wino ukabaki juu ya mdomo.

"Jenerali! Jenerali wetu!" wauza samaki wakapiga kelele. Mmoja alimwacha pweza akitambaa nje ya beseni, akaja kumshika mkono.

Miaka hiyo vita vya Korea vilikuwa vimeisha juzijuzi. Watu walikosa mchele, lakini tiketi ya kuwaona wanawake wa kikundi cha Geum-hwa wakiimba na kuigiza hawakukosa. Kikundi kizima kilikuwa cha wanawake watupu: mfalme mwanamke, mwizi mwanamke, na yule mpenzi wa kuliza watu, mwanamke pia. Mpenzi huyo ndiye Geum-hwa, mrefu, nywele fupi, suruali ya kijivu iliyonyooshwa pasi ikanyooka. Alikuwa akijua kutembea, na alijua kuwa anajua.

"Nataka hariri ya buluu, ya joho la jenerali," alimwambia muuza vitambaa kwa sauti nzito, kwa mazoea tu.

"Karibu, kaka," alijibu Ma Du-sik bila kuinua macho. "Jenerali mwenyewe atakuja kupimwa?"

"Si huyu amesimama mbele yako?"

Du-sik akainua macho, akatazama, kisha akaangua kicheko. "Samahani, dada. Jenerali, masharubu yako yanavuja!"

Hakuna mwanamume aliyewahi kumcheka Geum-hwa akapona. Huyu alipona. Jioni ileile simu ililia katika mkahawa wa chai chini ya nyumba ya wageni kilikofikia kikundi.

"Jenerali amekula?"

"Amekula. Muuza vitambaa je?"

"Hali. Anawaza."

"Basi atakonda, na mimi napenda wanaume wanene."

Ikawa ndiyo kawaida yao, mpaka mwenye mkahawa akaanza kunung'unika. Siku moja Du-sik alipiga akicheka hadi akakohoa. Mama yake alikuwa ameona picha ya Geum-hwa kwenye dirisha la studio, amevaa ubwana harusi, kando yake shabiki mmoja kavaa ubibi harusi. Mabinti walipanga foleni kwa ajili ya picha za namna hiyo.

"Mama ananiambia, 'Mwanangu, huyo unayetaka kumleta ana mke tayari!'"

Geum-hwa naye akacheka. Lakini kicheko kilimkauka siku kikundi kilipofunga mizigo kwenda Daegu. Lilifika furushi kutoka dukani. Ndani hamkuwa na buluu. Mlikuwa na hariri nyekundu ya sketi na ya kijani ya blauzi, nguo za bibi harusi.

Rafiki yake Ok-rye, mwimbaji mwenzake, alipelekewa rangi hizohizo, akaolewa, na wakweze wakamkataza kuimba hata akiwa anafua. Geum-hwa akakimbilia simu.

"Nilikuagiza buluu!"

"Buluu inakuja. Hiyo nyingine ni..."

"Naijua. Mama yako anataka mkamwana wa jikoni, sivyo?"

"Mama alisema hivyo, sikatai, lakini mimi..."

"Nimewalea wadogo zangu kwa koo hili, Du-sik. Sitalifungia kabatini kwa ajili ya mtu yeyote."

Akakata simu. Huko Daegu alikataa kuitwa kwenye simu, na kila alipokataa, moyo ulimuuma.

Onyesho la mwisho lilikuwa la mchana. Jenerali anamuaga mpenzi wake, na ule wimbo unapanda juu kabisa. Geum-hwa alipanda nao, na sauti ikakatika. Alisimama na upanga wake wa mbao, akijua amekwisha.

"Eolssigu!" sauti ya mama mtu mzima ililipuka kutoka nyuma, ile kelele ya kumtia mwimbaji moyo. "Hapohapo, jenerali! Usitushushe!"

"Eolssigu!" ukumbi mzima ukaitikia, na sauti ikamrudia, nene kuliko mwanzo.

Nyuma ya jukwaa alimkuta mama aliyevaa nguo nyeupe na furushi kifuani. Nyuma yake alijibanza Du-sik.

"Mimi ndiye Mama Du-sik," alisema. "Nilisema uache jukwaa. Mwanangu akaniambia nikaone kwanza. Nimekuja tangu juzi kukuona, na hili nimelishona hapa Daegu." Akafungua furushi: joho la buluu. "Sasa ukiacha, utagombana na mimi."

Geum-hwa akainama mpaka chini, machozi yakimlowesha wino.

"Vazi moja la kazi, moja la siku ya harusi yetu," alisema Du-sik. "Nilitaka uwe na yote mawili."

"Ungesema tangu mwanzo, mjinga wewe!"

"Nasema sasa. Jenerali, utanioa?"

"Nitakuoa."

Mama Du-sik akakohoa. "Ngojeni. Mimi kwanza nipige picha na bwana harusi huyu. Mume wangu alikwenda migodini Japani kabla hatujapiga picha hata moja ya harusi, na hakurudi."

Wakaenda studio watatu. Geum-hwa alisimama ndani ya buluu, masharubu yamechorwa upya. Kando yake akaketi Mama Du-sik, ile hariri nyekundu na kijani ya Geum-hwa mabegani. Du-sik alishika viatu vya mama yake.

"Bibi harusi, usicheke," alisema mpiga picha.

"Nisicheke kwa nini?" alijibu Mama Du-sik. "Humwoni bwana niliyempata?"