Mkate wa Kuwapokea Wakombozi

Zama zile Kaisari wa Urusi alipovuliwa taji, na ukoo uliotawala miaka mia tatu ukaporomoka kwa siku chache, alikuwako askari jina lake Yefim, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Verkhino. Anguko lile hakulisikia kwa jirani. Jemadari wao alipoamuru wanawake waliolilia mkate wapigwe risasi, Yefim na sahibu yake Zakhar ndio waliotangulia kushusha bunduki kikosini. Na mfalme asiye na jeshi ni mtu mwenye koti zuri tu.

Yefim akarudi kwao na ahadi ya watawala wapya: ardhi ni ya mkulima. Kweli, shamba la bwana mkubwa likagawanywa, naye akapata kipande kando ya mto. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, njaa ikaingia mijini, na majira ya kupanda ya mwaka wa pili yakamkuta na magunia matatu ya mbegu, kayafukia chini ya sakafu ya ghala.

Habari zikaja kwamba kikosi cha Wekundu, askari wa watawala wapya, kinakuja kutafuta nafaka, kiongozi wake Zakhar. Kijiji kizima kikaapa kusema hakina hata punje.

"Na sisi tuseme hivyo hivyo, mwanangu," alisema mama yake, Agafya.

"Mama, hao si watoza kodi wa Kaisari, ni ndugu zetu. Tangu lini mgeni akapokewa Verkhino bila mkate na chumvi? Na akishaula, hawezi kuidhuru nyumba."

"Mkate wa nini, nasi tunakula maganda?"

"Chota kibaba kimoja cha mbegu."

Bibi kizee alisaga huku akilia.

Zakhar alifika adhuhuri, koti la ngozi mwilini na bastola kiunoni. Yefim akamlaki mlangoni na mkate mzima juu ya kitambaa cha tarizi, chumvi juu yake. Wakakumbatiana. Zakhar akamega, akachovya, akatafuna polepole.

"Ngano safi," akasema. Kisha uso ukambadilika. "Kijiji kizima kinaniapia hakina kitu. Unga huu umetoka wapi, Yefim?"

"Ni mbegu. Nimeisaga kwa ajili yako."

"Mjini watoto wanakufa, ndugu yangu. Nionyeshe ilipo."

"Umekula chumvi yangu, Zakhar!"

"Nimekula. Ndiyo maana sikupigi risasi."

Sakafu ikang'olewa. Na kwa kuwa mkate ule ulikwisha kuwaumbua wote, sakafu za majirani nazo zikang'olewa, moja baada ya nyingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, mwenyeji akaangamia.

Shamba la kando ya mto likabaki mali ya Yefim, hakuna aliyemnyang'anya. Lilikosa tu cha kupanda. Agafya alizikwa humo kabla ya theluji, na hakuna jirani aliyekuja kushika sepetu.

Kilichobaki katika historia ni barua ya Zakhar kwa wakubwa zake: "Watu wa Verkhino wametoa nafaka kwa hiari, na wametupokea kwa mkate na chumvi."

Kuhusu mkate, hakusema uongo.