Mkia Chini ya Meza ya Fundi Saa

Siku Baba alipozikwa, Kigutu aligoma kutoka chini ya meza. Alizilalia ndala za marehemu, pua imezama ndani. Baba alikuwa fundi saa, na mbwa huyu jike alizaliwa na kimkia kama kidole gumba.

"Msaidizi wangu huyu," Baba alizoea kusema. "Hana cha kuniangushia skrubu."

Miezi ikapita. Binti yao akairithi meza na kazi ya saa. Mama akapata wazo.

"Kigutu hatakaa nasi milele. Nataka mwingine kama yeye, hapo hapo chini ya meza. Pale duka la mikate kuna dume kigutu. Tukiwakutanisha, watoto wote watakuwa vigutu."

"Makubwa! Mpaka mchumba umeshampata!" binti akacheka.

Mama akamwita jirani yao, daktari wa mifugo, ampime Kigutu kwanza. Daktari akachukua mate kwa kijiti cha pamba, akayapeleka maabara. Alirudi na majibu, hana kicheko.

"Shemeji, dume lile hapana. Kila mtoto hupokea maagizo mawili ya mkia, moja kwa mama, moja kwa baba. Maagizo hayo huitwa jeni. Kigutu ana moja la mkia mfupi, na moja la mkia mrefu. Dume lile huenda liko hivyo hivyo. Sasa, mtoto akipokea la mkia mfupi kutoka pande zote mbili, hufia tumboni."

"Wangapi?"

"Kwa wastani, mmoja katika kila wanne."

Mama akazitazama zile ndala.

"Sitaki msiba mwingine chini ya meza hii, daktari."

"Basi mtafutie dume la mkia mrefu. Karibu nusu watazaliwa vigutu, na hakuna atakayekufa kwa sababu hiyo. Atakayetoka na mkia, mwacheni nao. Msiukate."

Mama akasikia. Wakazaliwa watano, wote hai: vigutu wawili, wenye mikia watatu.

Walipoanza kutembea, Mama aliwaweka wale vigutu wawili karibu na meza, achague mmoja. Wakatimua mbio. Mwenye mkia mrefu kuliko wote akajikokota hadi kwenye ndala za Baba, akajikunja, akalala fofofo.

"Huyo, Mama? Na mkia wote huo?"

"Keshachagua mwenyewe. Mwache."

Siku hizi, kila jioni, Mama hupiga magoti chini ya meza na kuokota skrubu.