Kidonge cha Jumatatu

Hapa kwetu Bulgaria, siku ya jina lako, yaani sikukuu ya mtakatifu wa jina hilo, humwaliki mtu. Watu huja wenyewe, na kazi yako ni kuwalisha. Plamena Ruseva, mfamasia wa mji wetu, jina lake lina maana ya moto kama la Mtakatifu Ignati, kwa hiyo husherehekewa Siku ya Ignati, siku chache kabla ya Krismasi. Asubuhi hiyo duka lake la dawa lilifurika kama nyumba ya harusi. Juu ya meza ya kuuzia palikuwa na banitsa, mkate wetu wa matabaka wenye jibini, wa moto, na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda. Huyu anambusu, yule anamwimbia, na wote wanataka dawa palepale.

"Plamena, uishi miaka mia!" alipaza sauti Gencho, mwoka mikate.

"Mia? Mkija kunilia hivi kila mwaka, hata hamsini sifiki!"

Bibi Nedyalka naye alikuwepo. Mikono yake ilikuwa imevimba kwa baridi yabisi. Daktari alikuwa amemwandikia dawa mpya, tena kali: kidonge kimoja kwa wiki, Jumatatu tu. Plamena alichukua boksi na kalamu. Kwetu mfamasia huandika maelezo juu ya boksi kwa herufi kubwa, maana wazee hawayaoni yale madogo ya ndani. Papo hapo Gencho akamkumbatia kwa nyuma, akamtia kipande cha banitsa mdomoni. Plamena akacheka, akaandika: "Kimoja kila siku." Hakuna aliyeona kosa.

Mchana wa mkesha wa Krismasi aliingia Tsonka, mkwe wa Bibi Nedyalka, akikung'uta theluji viatuni.

"Dada Plamena, nipe dawa ya vidonda vya mdomoni. Mama mkwe hali wala hasemi. Na wewe unamjua, akinyamaza yule, ujue mambo yameharibika!"

Watu kwenye foleni wakacheka. Plamena alikuwa ameshashika dawa ya kupaka. Mkono ukasimama hewani.

"Vidonda vimeanza lini?"

"Juzi. Na vile vidonge vya mikono anameza bila kukosa. Kila siku, kama ulivyoandika."

Plamena akakumbuka alichoandika kwenye boksi. Aliijua dawa ile. Ikimezwa kila siku inageuka sumu. Huanza na vidonda vya mdomoni, kisha huharibu damu, na mtu anaweza kufa.

Vesko, mumewe, ndiye aliyekuwa akipokea fedha dukani. Alimvuta nyuma ya kabati, akanong'ona: "Mpe hiyo ya kupaka. Mwambie vidonge aviache kwanza sikukuu hizi. Boksi nitakwenda kulibadilisha mimi. Ukisema tu, leseni imekwenda! Tutakula nini, theluji?"

Plamena aliitazama leseni yake ukutani. Bila leseni asingeruhusiwa kutoa dawa popote nchini. Kazi aliyoipenda tangu ujana ingekwisha. Aliogopa sana, na nani asingeogopa?

Shangazi Lilyana, jirani yao, alikuwa kwenye foleni. Ni mfamasia mstaafu, na aliwahi kukaa kwenye kamati ya maadili ya wafamasia. Macho yake yamechoka, lakini masikio bado ya paka. Aliingia nyuma ya kabati bila hodi.

"Vesko mwanangu, hebu nyamaza. Plamena, nisikilize. Aliyekosea akasema mapema, kamati ilimwonya, ikamrudisha darasani. Aliyeficha mpaka mgonjwa akazidiwa, tulimsimamisha kazi. Wengine walinyang'anywa leseni kabisa, wengine wakafikishwa mahakamani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi siwezi kukuahidi kitu. Lakini leseni umepewa umlinde mgonjwa, si yeye ailinde leseni yako!"

"Niite gari la wagonjwa?"

"Unaniuliza? Piga simu!"

Plamena alipiga. Kisha akamgeukia Tsonka mbele ya watu wote. "Kosa ni langu. Niliandika vibaya. Asimeze tena hata kimoja. Twende!"

Akatoka mbio na koti lake jeupe la kazi, kichwa wazi, theluji ikimwingia shingoni. Tsonka nyuma yake! Vesko aliduwaa, halafu akafunga duka na kuwafuata, amebeba kofia ya mkewe. Mji mzima tulijaa madirishani. Walifika kwa Bibi Nedyalka kabla ya gari la wagonjwa. Plamena akawaeleza wahudumu jina la dawa na idadi ya vidonge vilivyomezwa, kwa hiyo hospitali ilijua mara moja dawa ya kuizima sumu ile.

"Mngechelewa siku mbili tatu tu, tungempoteza," daktari alisema.

Plamena hakungoja kushtakiwa. Alijipeleka mwenyewe kwenye kamati. Walimhoji vikali mpaka akalia. Wakampa onyo kali, wakamrudisha mafunzoni, na duka likawekwa chini ya ukaguzi kwa mwaka mzima. Lakini leseni walimwachia! Alipiga kelele za furaha pale ngazini, njiwa wakaruka, na Vesko akambeba juu kama bibi harusi.

Siku hizi wageni hupokewa chumba cha nyuma, na banitsa haisogei karibu na dawa. Kila boksi husomwa na mfamasia wa pili kabla halijatoka. Kisha Plamena humwuliza mteja, "Haya, niambie, utameza lini?" Asiyejibu sawasawa haondoki. Na sisi tumejifunza kufunga midomo anaposhika kalamu, jambo ambalo kwa mji wetu ni muujiza.

Bibi Nedyalka alipopona alirudi kuchukua dawa zake, mashavu yamejaa, mdomo umefunguka kama zamani. Gencho akamchokoza.

"Bibi, bado unamwamini huyu? Ng'ambo ya daraja kuna duka jingine."

"Wa ng'ambo naye ni mtu, siku moja atakosea," alijibu Bibi Nedyalka. "Sijui siku hiyo atafanya nini. Huyu najua. Alikuja mbio."