Chumba cha Pikipiki

Rafiki yangu Kashindye, wa Mvumi, hakuwa na banda la pikipiki. Masika yalipokaribia, alimhamisha shangazi yake mzee kutoka chumba cha uani, akamlaza jikoni ili pikipiki ipate pakavu.

“Mwanangu, jikoni kunavuja,” shangazi alilalamika.

“Wewe hushiki kutu, shangazi.”

Akatoa betri, akamwaga petroli yote, akaifunika pikipiki kwa turubai na kufunga mlango kwa kufuli. Shangazi akashikwa na homa ya mapafu, akafariki mvua zikiwa bado zinanyesha. Walipotoka makaburini, Kashindye alikwenda kwanza kutazama kama maji yamepenya kwenye kile chumba. Hayakupenya, naye akafurahi.

Mvua zilipokatika, alifungua kufuli alfajiri, kabla hakujapambazuka. Chumba hakikuwa na dirisha, na ndani giza lilikuwa totoro. Chini ya turubai akasikia shokomzoba za pikipiki zikilia taratibu, kama zinavyolia abiria anaposhuka.

“Nani humo?”

Akalivuta turubai kwa hasira, akapapasa kiti gizani. Kilikuwa na uvuguvugu, kimebonyea katikati, na sponji yake ilikuwa ikiinuka polepole chini ya kiganja chake.