Mfalme Chini ya Kizingiti

Kuku ndio waliokuwa wa kwanza kukataa. Asubuhi Mzekala aliwamwagia mtama ndani ya mlango, wakaja mbio kama kawaida yao, kisha wakasimama wote nje, shingo mbele, wakikitazama kizingiti. Jogoo akageuka, akaondoka kimyakimya.

"Umewafanyia nini hawa?" Bidzina akamtania mkewe. "Hata jogoo anakuogopa."

"Aniogope mimi? Wewe ndiye unayenuka makaburi, mzee."

Bidzina alikuwa mlinzi wa kanisa la bondeni, alipozikwa Mfalme Varazi. Ujanani alimbebea mfalme huyo mkuki. Alikuwa naye walipowatimua Waturuki mtoni, alikuwa naye daraja la mawe lilipojengwa, na kila mvinyo ulipomkolea aliyasimulia hayo mpaka majirani wakasinzia.

Habari ya Vardeti hakuisimulia kamwe. Kijiji hicho kilimfungia mfalme malango wakati wa baridi kali, kisha kikayafungua, watu wakatoka na mkate na chumvi kuomba radhi. Mfalme akaupokea mkate, akaula. Halafu watu wakasukumwa ndani ya ghala la mvinyo, komeo likapigwa, moto ukawashwa. Bidzina ndiye aliyesimama mlangoni na mkuki. Mzekala, msichana wa Vardeti, alisalimika kwa kuwa alikuwa mlimani na mbuzi. Miaka baadaye Bidzina alimwoa, akamtunza vizuri, akadhani yamekwisha. Mkewe alijua. Hawakuwahi kulitaja jambo hilo.

Mchana ujumbe ukaja kwamba binti yao Gvantsa, aliyeolewa ng'ambo ya kijito, ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Mzekala, ambaye mikono yake ilikuwa imezalisha nusu ya bonde, akachukua mafuta na vitambaa, akainua mguu avuke mlango. Mguu ukatua juu ya kitu laini. Kitu hicho kikavuta pumzi.

Akaurudisha. "Mzee," akanong'ona, "kuna mtu amelala hapa."

"Wapi?" Bidzina akapita, akarudi, akapita tena. Jiwe tupu. "Mbona mimi napita?"

"Wewe hakutaki."

Mzekala akajaribu tena, na safari hii kitu kile, kifua cha mtu, kikapanda chini ya unyayo wake, kipana, baridi, kimevaa deraya ya pete za chuma zilizosagana, na pamoja nacho ikapanda harufu, si ya maiti wala ya udongo, bali ya mvinyo unaoungua, mvinyo na sufu na nywele, ikaingia chumbani na kutanda juu ya mkate na juu ya kitanda, mpaka Bidzina, aliyeifahamu, akajiziba pua kwa mikono miwili na kushindwa kumtazama mkewe.

Wakamwita Kasisi Iovane. Akanyunyiza maji, akapaza sauti: "Toka!"

"Nikanyage," sauti ikajibu kutoka kwenye jiwe.

Kasisi akadondosha chombo cha maji. Akauliza kwa sauti ya chini, "Bidzina, mfalme aliagiza nini alipokuwa akikata roho?"

"Azikwe chini ya mlango wa kanisa. Kila aingiaye amkanyage kifuani, hasa wale aliowaumiza."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikalizungushia jiwe uzio. Nikatoboa mlango mwingine ubavuni. Mfalme, Baba! Akanyagwe na wachunga mbuzi?"

Neno lilipokwisha kutoka ndipo akakumbuka nani amesimama karibu naye. Uso ukamwaka mpaka masikioni.

"Nikanyage, binti wa Vardeti," sauti ikasihi, na sasa ilikuwa sauti ya mzee aliyechoka. "Umebaki wewe tu. Nikanyage nipate kulala."

Ng'ambo ya kijito Gvantsa alipiga yowe.

"Mkanyage, Mama Gvantsa," Bidzina akabembeleza. "Hatua moja tu. Mpe msamaha wake, uende kwa mtoto."

"Msamaha wake?" Mzekala akamgeukia. "Au wako?"

Bidzina akainamisha kichwa.

"Niletee ngazi," akasema mkewe.

Akaisimamisha juu ya jiko, akafunga vitambaa kiunoni, akapanda na kupenya tundu la moshi, akatokea juu ya paa, mweusi kwa masizi kama chungu. Wakamsikia akiteremka upande wa pili, kisha akikata maji ya kijito, na chini ya mlango kitu kikalia, kilio kirefu kisicho na machozi, ambacho Kasisi hakukisubiri kiishe.

Mzekala alirudi jioni, jua likiwa bado juu ya milima. Bidzina alikuwa amelala chali kizingitini, kichwa wazi, majivu kwenye nywele, ameifungua nguo kifuani.

"Kanyaga, mke wangu," akasema. "Anza na mimi."

Chini yake kulikuwa na pumzi nyingine, nzito, ikipanda ilipopanda yake na kushuka iliposhuka yake. Macho ya Bidzina yalimwomba mkewe. Hakujua kwamba hata sauti yake haikuwa tena yake peke yake.



"Ni msichana," Mzekala akawaambia. "Mzima."

Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akapanda paani kwenye tundu la moshi.