Ya Kwanza ni ya wa Chini

Alhamisi ile, saa moja jioni, mimi na Mzee Merv tulikwenda kutazama bunduki.

Ilikuwa shughuli ya kawaida. Klabu yetu ya shabaha, nje kidogo ya mji wa Tarrawick, ilikuwa imeniazima bunduki kwa miaka mitatu, na sasa ilitakiwa na mwanachama mwingine. Bila bunduki yangu mwenyewe, hakuna Jumamosi. Na bila Jumamosi, nisingekuwa na baba.

Tangu mama afariki, mwezi wa tano mwaka uliotangulia, mimi na baba tuliishi nyumba moja bila kuzungumza. Hatukugombana. Maneno yalikwisha tu, kama maji ya tangi wakati wa kiangazi. Lakini kila Jumamosi yeye huingia kwenye handaki chini ya shabaha, mimi hulala kifudifudi juu ya tuta, yadi mia nane kutoka kwake, kila mmoja na redio ya mkononi.

"Juu, hapa chini. Niko tayari."

"Chini, hapa juu. Natuma."

Napiga. Anaishusha shabaha, anabandika kipande cha karatasi juu ya tundu la zamani, anachomeka kisahani kwenye tundu jipya ili nilione kwa darubini, anaipandisha. "Nimepokea, Thea. Jicho." Jicho ndilo duara dogo la katikati kabisa. Kwa maneno hayo machache niliweza kuishi wiki nzima.

Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Vibandiko vyake vilikaa upande, kama kofia ya mlevi. Hatukusema kitu juu ya hilo.

Garini, Mzee Merv, nahodha wa klabu na mwenye leseni ya kuuza silaha, alinihubiria njia nzima, akiniita profesa kwa ajili ya vipimo vyangu.

"Usinunue mbao, profesa. Mwenye hela kidogo hurogwa na kitako kinachong'aa, akafika nyumbani na mtutu uliochoka. Mtutu kwanza. Triga pili. Tundu la kulengea tatu, lisicheze hata unywele. Mbao hata zikiwa za mlango wa choo, sawa tu."

"Na mtutu ukiwa umechoka?"

"Basi umenunua fimbo ya kutembelea kwa dola elfu moja na mia mbili. Maridadi, lakini fimbo."

Elfu moja na mia mbili ndizo nilizokuwa nazo. Nyingine zote nilizoziona zilianzia elfu tatu.

Mama Hentschke alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu. Alitutengea soseji kavu na matango ya siki, kisha akaketi mbali na meza, mikono mapajani. Bunduki ya marehemu mumewe, Dieter, ilikuwa imelazwa juu ya blanketi. Pembeni yake palikuwa na rundo la madaftari ya alama thelathini na moja, moja kwa kila mwaka.

Nilikuwa na orodha yangu. Triga: laini, haina mkwaruzo. Tundu la kulengea: halichezi. Mdomo wa mtutu: hauna kovu. Kisha nikaingiza kamera ya waya aliyoniazima Merv.

Mifereji ya ndani ilikuwa mikali kama imechongwa asubuhi ile.

"Mzee Merv, mtutu wa namna hii unadumu risasi ngapi?"

"Elfu tano. Sita, ukiupenda kama mkeo."

Nilipiga hesabu kwa haraka kwenye madaftari. Dieter alikuwa amepiga zaidi ya elfu kumi na nne.

"Alibadilisha mtutu," Merv akasema, akitafuna.

Nikaangalia. Namba iliyogongwa kwenye mtutu na namba aliyoiandika Dieter ndani ya daftari la kwanza, la mwaka 1984, ilikuwa ile ile.

Nje joto lilikuwa nyuzi thelathini na nane. Mtutu ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Nilipoinusa bunduki sikupata harufu ya mafuta wala ya baruti. Ilinuka udongo uliolowa. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa kumi na moja.

Nilipaswa kujiuliza. Lakini mwaka ule nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake: unauona ni wako, unaugusa, haukujibu.

"Naichukua," nikasema.

Tulipokuwa tunatoka, Mama Hentschke akanishika kifundo cha mkono. Alinong'ona, Merv asisikie.

"Ya kwanza ni ya wa chini, mwanangu. Usiiandike."

"Ndiyo, mama."

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Klabuni walio handakini tunawaita wa chini, na wapigaji wa juu. Na kila mpigaji ana risasi mbili za kuonja kabla ya zile kumi za kuhesabiwa. Ukipenda zilipopiga, unaruhusiwa kuzichukua, zikaingia kwenye alama zako badala ya mbili kati ya zile kumi. Nikaona ni adabu za kizamani tu. Zawadi kwa mtu wa handakini.

"Dieter alikuwa na mambo yake," Merv alisema garini. "Hata aonje jicho, haichukui. Tulimcheka miaka na miaka. Hakujibu hata siku moja."

Kibali cha kumiliki bunduki kilitoka mwezi uliofuata, na nikaanza kuipiga.

Jumamosi ya kwanza, risasi ya kwanza: jicho. Jumamosi ya pili, ya kwanza: jicho. Jumamosi ya tatu: jicho.

Kila mpigaji anajua kwamba mtutu baridi ni mwongo. Risasi ya kwanza hupita kwenye mafuta, ikaenda inakotaka. Hii yangu haikudanganya kamwe. Jumamosi ya nne nilifanya jaribio. Nilizungusha tundu la kulengea kwa makusudi, kiasi kwamba risasi ilipaswa kupita nje ya ubao kabisa.

Jicho.

Nikaandika pembeni mwa ukurasa: *rudia kipimo*. Nikairudisha mizunguko mahali pake. Ile ya kwanza sikuiandika.

Ikaja siku ya Kikombe cha Mavuno, shindano letu kubwa la mwaka.

Asubuhi, kabla hatujaanza, redio ilikwaruza.

"Thea."

"Ndiyo, baba."

Nikasikia anapumua.

"Kikombe kile... kina jina la mama yako. Alikishinda ukiwa darasa la tano. Kilete nyumbani. Tukae nacho mezani."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia kwa miezi kumi. Nikajibu, "Sawa." Hilo tu ndilo lililotoka.

Kufikia jioni, Merv alikuwa anaongoza: alama zote hamsini, na macho manane. Jicho na duara linalolizunguka vyote ni alama tano; macho huamua tu alama zikilingana. Ili kumpita nilihitaji zote hamsini na macho tisa. Nilikuwa wa mwisho kupiga. Bendera za upepo, zilizolala mchana kutwa, zilikuwa zimeanza kunyooka, moja kushoto, nyingine kulia.

Merv alilala kando yangu. Ndivyo desturi: mpinzani wako ndiye anayekuandikia.

"Tulia, profesa. Hata ukishindwa nitakuruhusu ukioshe kikombe."

"Tunza pumzi zako, mzee. Utazihitaji kulia."

Ya kuonja ya kwanza: jicho. Ya pili: jicho.

"Nimepokea, Thea," baba akasema.

Merv akageuka. Kanuni inamlazimu kuuliza, hata kama jibu litamwumiza.

"Unazichukua?"

Nikaziangalia bendera. Macho mawili ya bure, na upepo kama ule. Nikakikumbuka kiganja cha mjane kwenye mkono wangu. Nikaikumbuka na meza yetu, yenye viti vitatu.

"Nazichukua. Zote mbili."

"Za kuonja zimechukuliwa!" Merv akatangaza, akaandika. Mimi nikabonyeza redio.

"Chini, hapa juu. Ya kwanza na ya pili zimechukuliwa."

Nikapakia risasi iliyofuata.

Redio ikakwaruza...

"Tumepokea."

Merv akainua kichwa. "*Tumepokea*? Yuko na nani huko?"

"Hayuko na mtu."

"Basi ameanza kujiita mfalme."

Ilikuwa sauti ya baba. Lakini haikutetemeka.

Nilipiga. Huwa nahesabu muda, siwezi kuacha. Baba huchukua sekunde ishirini kushusha, kubandika na kupandisha. Sasa shabaha ilirudi baada ya sekunde nane. Nane kila mara, wala si tisa. Jicho. Jicho. Mkono wangu wa kushoto, ulioviringwa mkanda wa bunduki, ulikufa ganzi mpaka begani. Harufu ya udongo uliolowa ilinijaa puani. Jicho.

Hamsini, na macho kumi. Hakuna aliyewahi kuzipiga pale.

Merv alinipiga mgongoni, akanitukana kwa furaha. Nikabonyeza redio.

"Chini, hapa juu. Tumemaliza. Baba... tumekipata."

"Tumepokea."

Tulishuka kwa gari la Merv, kikombe mapajani mwangu.

Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la handakini, mgongo ukutani, kidevu kifuani. Brashi ya gundi ilikuwa mkononi mwake. Gundi ilikuwa imekauka, ngumu kama kucha. Redio yake ilining'inia kwenye msumari wa ukuta wa mbali, hatua kumi na moja kutoka kwake.

Imezimwa.

Merv alipiga magoti, akamwita jina. Mimi niliitazama shabaha. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ndicho kitu nilichojua kukitazama.

Kisahani kilikuwa kwenye tundu la mwisho. Mengine yote yalikuwa yamebandikwa, na kila kibandiko kilikaa sawasawa, kona zake zimenyooka kama zimepimwa kwa rula. Tundu moja tu liliachwa wazi. Nililijua, maana nilikuwa nimelichora daftarini. Lilikuwa la kwanza.

Daktari alisema ni moyo. Alisema baba hakuhisi chochote. Alikadiria kwamba alifariki nusu saa kabla hatujamkuta, labda zaidi kidogo. Nilikuwa na saa ya kila risasi. Zile nane za mwisho zilichukua dakika kumi na tano, na kushuka kwetu hakukufika kumi. Nilifanya hesabu mara tatu, kisha nikaikunja karatasi.

Baada ya mazishi nilifungua madaftari ya Dieter, yaliyokuja pamoja na bunduki, moja baada ya jingine. Mstari wa kwanza wa kila ukurasa ulikuwa mtupu. Isipokuwa tarehe tisa mwezi wa tatu, 1991. Hapo aliandika: *jicho, imechukuliwa*. Kwenye nafasi ya jina la mtu wa handakini palikuwa na jina ambalo lilijaa kurasa zote za nyuma: Liesl. Baada ya siku hiyo halikuonekana tena. Miaka ishirini na mitatu iliyofuata, nafasi ile iliandikwa maneno mawili tu. *Wa chini*.

Nikampigia simu mjane.

"Binti yetu," alisema. "Alikufa siku ile ile, handakini, akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa fundi wa kushona. Mikono yake, mwanangu... huwezi kukuta kitu alichokikata kikapinda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia."

Nilisikia saa ya ukutani nyumbani kwake.

"Dieter alizipiga risasi zile miaka yote hiyo," akasema polepole. "Ulidhani alikuwa anafuata shabaha?"

Akakata simu.

Klabu haikutaka tena mtu ashuke handakini. Ilinunua shabaha za umeme. Alama sasa zinatokea kwenye kioo kidogo kando yako, na shimoni hakuna mtu. Jioni, tukimaliza, mmoja wetu hushuka kubandika matundu ili karatasi itumike tena wiki ijayo. Mimi hujitolea. Merv amenipatia mnunuzi wa bunduki mara mbili, na mara zote mbili nimesema nitafikiri.

Kikombe kiko mezani. Nakula mbele yake.

Ile ya kwanza siiandiki. Naipiga, naiacha iende. Redio ya zamani nimeiweka kwenye mkoba wa bunduki, kwa mazoea tu, na haijawahi kukwaruza.

Jumamosi iliyopita nilishuka na brashi na vibandiko vyangu. Handaki lilikuwa baridi. Palinuka udongo uliolowa. Nikainua taa kuiangalia shabaha yangu.

Ilikuwa imeshabandikwa.

Tundu la kwanza lilikuwa wazi. Mengine yote yalikuwa na vibandiko, na gundi bado mbichi.

Vilikuwa vimekaa upande. Kila kimoja.