Mchoro Uliobanduliwa Ukutani

Kuuliza ni ujinga. Wahenga walikataa, lakini wao hawakuwahi kuwahoji mafundi wa kompyuta. Tangu asubuhi Inspekta Mwajabu alikuwa akiuliza katika ofisi ya shirika la misaada mjini Kasulu, na kila jibu lilimzidishia giza.

Ukuta ulikuwa mtupu. Jana ulibeba mchoro wa hifadhidata ya wakimbizi: karatasi nyingi zilizoungwa, visanduku na mistari ikionyesha jinsi jedwali la familia linavyoshikana na la watoto, na la watoto na la mgao wa chakula. Faili lake nalo lilifutwa. Asubuhi mfumo ukagoma kwa kuelemewa na majina mapya. Ilikuwa Mei 2015. Kambini Nyarugusu, Warundi walikuwa kwenye foleni mbele ya ghala lililofungwa.

"Rekebisha basi," Mwajabu alimwambia Nestori, fundi mgeni kutoka Dar es Salaam.

"Bila mchoro, afande? Unanituma porini bila tochi."

"Aliuchora nani?"

"Mistari huchorwa na programu. Maelezo yote kaandika Firdausi, fundi wa hapa. Bosi kamzuia asiguse mashine."

Mwajabu akasonya. Alama za vidole zilikuwa za ofisi nzima. Akausogelea ukuta. Hakuna rangi iliyobanduka. Kila kipande cha selotepu kilitolewa taratibu, kama plasta kwenye kidonda cha mtoto. Mwizi hana huruma hiyo.

Akamgeukia meneja, Ildefonsi. "Mkataba wa Firdausi unaisha lini?"

Ildefonsi akapangusa miwani. "Akishakabidhi mchoro."

"Ameshakabidhi?"

"Juzi."

"Na hukuona la kuniambia?"

"Hukuuliza, afande."

Firdausi alikuwa kwenye benchi nje, mtandio umeteremka mabegani.

"Umeuficha wapi?" Mwajabu aliuliza.

"Chini ya godoro langu. Faili pia nimefuta mimi."

"Kwa nini?"

"Mfumo huu nimeubeba kichwani miaka yote. Waliponiambia niuandike, nikadhani wananithamini. Kumbe nachimba kaburi langu, na Nestori kaletwa kunifukia. Leo nimemwambia bosi anifungulie mashine niitengeneze. Kakataa."

"Watoto wana njaa kule."

"Najua. Nimewaandikisha mimi."

Mwajabu akashusha pumzi. "Muombe radhi meneja, mdogo wangu. Nitamsihi asikushtaki."

"Mchoro kauchukueni. Akinifungulia mashine, naitengeneza, watu wapate kula. Radhi siombi."